Kibubu cha Nyembe: Jinsi ya Kuhifadhi na Kutupa Wembe Uliotumika

Hamjambo nyote, karibuni tena kibandani kwangu hapa Nakuru. Leo sishoni. Cherehani nimeifunika kwa sababu ya vumbi, na vumbi la mji huu mnalijua. Mezani nimepanga vitu sita tu: mkebe wa bati uliokuwa wa kakao, nyundo, patasi ndogo, selotepu pana, kalamu ya wino mzito, na sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Mume wangu ameniuliza asubuhi, "Sasa nani atakaa chini atazame video ya wembe?" Nimemwambia tutaona.

Wembe ninaousema ni huu wa bapa, wenye makali pande mbili, unaouzwa dukani ukiwa kwenye kijikaratasi chake. Ngoja nisogeze kamera. Urefu wake haufiki sentimita tano, na unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiugeuza hivi, ubavu, unaona nini? Karibu hakuna kitu. Uzi unauona vizuri kuliko wembe.

Kwa watu wengi ni wa ndevu. Kwangu mimi ndio wa kufumulia. Januari, sare za shule zikirudi kurefushwa pindo, naweza kumaliza nyembe tano kwa wiki. Wembe wa kufumulia ukianza kuvuta kitambaa badala ya kukata uzi, hauna kazi tena. Lakini mkono wa mtu bado unaukata vizuri sana, hapo msidanganyike.

Niwaambie jinsi nilivyojua. Miaka yote nilikuwa nafanya kama nilivyofundishwa na aliyenifundisha ushonaji: unaurudisha wembe kwenye karatasi yake, unaukunja, unautia kwenye taka. Hapa mtaani taka zetu huwa kwenye gunia, na kijana wa kikundi huja kulibeba Jumamosi. Analibeba mgongoni. Jumamosi moja alitoka kwangu na gunia, akafika pale kwenye mlingoti, akalitua ghafla, akawa anajipapasa nyuma ya bega. Shati lilikuwa limechanika mstari mwembamba, na damu inashuka. Wembe ulikuwa umetoboa gunia, umechungulia nje. Pale kwenye kitundu cha katikati ulikuwa umenasa uzi wa bluu. Uzi wa sare. Mtaa mzima fundi wa sare ni mimi.

Karatasi yake ilikuwa wapi? Ilikuwa imelowa majani ya chai na maganda ya nyanya, ikavunjikavunjika humo ndani. Karatasi ile ilitengenezwa kuukinga wembe mpya usiingie unyevu dukani. Siku tatu ndani ya gunia lenye maji ya mboga haiwezi.

Na gunia halimalizi safari yake kwa yule kijana. Linafika Gioto, jalala letu kule kwenye miteremko ya Menengai, na kule kuna watu wanaochambua taka kwa mikono wakitafuta chupa, vyuma na plastiki za kuuza. Tumekuwa jiji tangu Desemba 2021, sawa, lakini taka za jiji bado zinapita kwenye vidole vya watu.

Kabla hatujashika patasi, najua kuna anayesema: mimi natupa chooni, yameisha. Nilikuwa na jirani wa hivyo. Choo cha shimo kikijaa kinanyonywa au kinazolewa. Kuna vijana wanaoifanya kazi hiyo usiku kwa ndoo na kamba, wengine bila glavu. Na hapa Nakuru kuna jambo ambalo wageni hawaliamini: kampuni ya maji ya hapa ina mradi wa kuchukua uchafu wa vyooni, kuukausha, kuuchoma na kuuchanganya na vumbi la mbao, halafu unatoka makaa ya kupikia, yale ya duara. Kwa hiyo hata cha chooni siku hizi kina safari. Usitie wembe humo.

Mwingine anachoma. Chuma cha wembe hakiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,400 hivi, na moto wa taka nyuma ya nyumba haufiki huko hata kwa dawa. Unachofanya ni kuunguza karatasi na kuuacha wembe uchi ndani ya jivu. Kisha jivu lile lile unalimwaga kwenye sukuma wiki. Wenye ng'ombe, hasa nyinyi mnaonitazama kutoka Bungoma na Kakamega, mnajua zaidi yangu: ng'ombe hachagui, anazoa kwa ulimi na kumeza. Chuma kinakaa kwenye tumbo dogo lile la mbele, lililo karibu na moyo, na kila akijikaza kinasonga. Ng'ombe anakonda, anagoma kula, mnatafuta ugonjwa msiouona.

Na wa tatu, huyu ndiye namwogopa zaidi, anauchomeka juu ya mlango, au kwenye ufa wa ukuta, au chini ya bati, "nitautumia tena". Hautumii tena. Anaupata mtoto, anachongea penseli. Wazee walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa wembe wa methali nakubali. Huu wangu simpi.

Haya, tutengeneze.

Chukua mkebe wa bati wenye mfuniko wa kubana kwa ndani, huu unaofunguliwa kwa mpini wa kijiko. Wa kakao, wa maziwa ya unga, wowote. Usichukue mkebe wa plastiki laini, na chupa ya soda usiiguse kabisa, wembe unaipasua. Osha mkebe, ukauke kabisa.

Toa mfuniko, uweke juu ya kipande cha ubao. Chora mstari katikati, urefu wa sentimita tano. Weka patasi kwenye mstari, piga nyundo mara moja, kwa nguvu ya kutosha. Sogeza, piga tena. Kama huna patasi, bisibisi bapa kuukuu itafanya, ila utatoa jasho. Unataka mwanya wa milimita tatu, usizidi hapo: wembe upite, kidole cha mtoto kisipite. Sasa geuza mfuniko. Mnaona hizi kingo zilizojitokeza kwa chini? Hizo nazo ni kali. Zilaze kwa nyundo, taratibu, tak tak tak, mpaka ukipitisha kitambaa kisinase. Mimi napitisha kipande cha nailoni, maana nailoni inanasa hata kwa uongo.

Rudisha mfuniko, ubane. Zungushia selotepu pale mfuniko unapokutana na mkebe, raundi tatu au nne. Kama uko karibu na fundi wa jua kali, mpe aulehemu, ni kazi ya dakika mbili. Mkebe huu haufunguliwi tena. Nasema tena kwa sababu kuna mtu ataniuliza anautoaje wembe akiuhitaji. Hautoki.

Sasa tazameni tulichotengeneza. Mkebe, mwanya juu, umefungwa. Ni kibubu! Na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Niliuweka juu ya meza yangu bila kuandika chochote. Mtoto wa dada yangu akaja likizo, ana miaka saba. Akauinua, akautikisa. Nyembe zikilia ndani ya bati zinalia kama sarafu, sikilizeni: … Mnasikia? Nimemkuta ameupindua, anachokonoa mwanya kwa kijiti, ananiambia, "Anti, una shilingi nyingi!" Nilishindwa hata kumkemea.

Kwa hiyo kalamu si pambo. Andika kwa herufi kubwa pande zote mbili: NYEMBE. HATARI. HAKUNA PESA. Hilo la tatu ndilo linalofanya kazi, niamini. Ongeza picha ya wembe kwa asiyejua kusoma. Kisha piga mstari mwekundu kwenye robo tatu ya mkebe, huo ndio mwisho wa kujaza. Uweke juu ya kabati, mahali ambapo wewe mwenyewe lazima unyooshe mkono.

Kuutia wembe. Uwe mkavu kwanza, usilete maji kwenye bati. Ukiutoa kwenye mashine ya kunyolea, ilaze mashine mezani, legeza mpini, usiifungulie hewani juu ya sinki. Ushike wembe kwenye zile ncha fupi mbili, hivi, kidole gumba huku na cha kati huku, makali yakae wazi bila kugusa ngozi. Ingiza ncha moja kwenye mwanya, achilia. Usiusukume kwa kidole. Ukikwama, gonga mkebe ubavuni.

Ukikuponyoka, toa mikono! Mwili unataka kuudaka, na hapo ndipo watu wengi hukatika. Uache uanguke. Ukishalala sakafuni usiukwangue kwa kucha. Leta sumaku. Wembe hata wa chuma kisichoshika kutu unashikwa na sumaku, tazama, unaruka wenyewe. Ukiupoteza kabisa kwenye vumbi, zima taa, laza tochi ya simu sakafuni, utameta.

Wale mnaotumia nyembe za mpini wa plastiki, hizi za kutupa, haziingii kwenye mwanya. Tumieni mkebe mgumu wa siagi ya karanga wenye mfuniko wa kuzungusha, maandishi yale yale, kabati lile lile. Ukijaa, zungushia selotepu.

Ukikatika: maji yanayotiririka na sabuni, kisha kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame. Usinyonye kidole. Kama wembe ulikuwa umetumiwa na mtu mwingine, usingoje kuona. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya ajali zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Halafu kuna homa ya ini aina ya B, ambayo watu hawaisemi: virusi vyake vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, hata damu ikiwa imekauka huioni. Ndiyo maana wembe wa kunyolea haukopeshwi, hata kwa ndugu. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Watu hulaumu kutu, lakini vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi, na wembe unaong'aa uliolala uani unavyo vile vile.

Sasa mkebe umefika kwenye mstari mwekundu. Kwa anayetumia wembe mmoja kwa wiki, hizo ni 52 kwa mwaka, itamchukua miaka. Wapo watakaowaza kuuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipiga hesabu hiyo: nyembe elfu moja hazifiki kilo moja. Hakuna pesa, kama mkebe unavyosema.

Mimi hukoroga saruji na maji iwe nzito kama uji wa mgonjwa, nakunja karatasi ngumu kuwa faneli, namimina kwenye mwanya polepole huku nikigonga mkebe hewa itoke. Naacha siku mbili. Ukiutikisa hausikii kitu, umekuwa jiwe. Kisha naziba mwanya kwa selotepu na kumkabidhi yule kijana wa taka mkononi, kando ya gunia, nikimwambia kilichomo. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe zinazooza na zisizooza nyumbani, basi huu unaingia kwenye zisizooza. Walio kijijini bila mzoa taka, mkebe ukishakuwa jiwe unaweza kuzikwa kirefu mbali na shamba na kisima, au kutumbukizwa kwenye shimo la choo lililoachwa kabla ya kufukiwa. Mkebe ambao haujatiwa saruji usiuzike, bati litaoza na nyembe zitarudi juu jembe likipita.

Huu wangu wa sasa ni wa pili. Wa kwanza nilimkabidhi yule yule aliyekatika bega. Aliupima uzito mkononi, akasoma maandishi, akacheka, akauweka mbele kwenye mkokoteni, karibu na miguu yake. Shati lake siku ile nililichukua nikalishona, kwa uzi wa bluu, maana ndio uliokuwa kwenye cherehani.