Lile Jengo la Mawe Nyuma Yangu Pittsburgh

Hamjambo wapendwa. Leo nawajibu, maana kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, hilo jengo nyuma yako ni kanisa ama ngome?" Mwingine kaandika kwamba najionyesha. Sijionyeshi. Hii ni mahakama ya Kaunti ya Allegheny, hapa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani, na mimi niliijua kwa shida.

Jina langu kwenye pasipoti lina herufi moja ambayo haiko kwenye cheti cha kuzaliwa. Herufi moja! Ofisi moja, siitaji, ilinirudisha mara tatu, na kila mara nalipa upya: tafsiri, muhuri, maegesho ya gari. Ukisimulia hivi unaambiwa unalalamika na uko Marekani. Jamani, hela ile ilikuwa ya kodi ya nyumba. Kama unapanga safari, linganisha majina yako kabla ya kupanda ndege. Lakini hayo ni yangu, wapo wenzangu karatasi zao zilipita siku moja.

Siku waliponirudisha mara ya tatu niliingia humu mahakamani, nikakaguliwa mlangoni, nikaketi kwenye ngazi za mawe. Juu yangu matao yamepandana, tao nyuma ya tao, kimya. Nililia. Nilipomaliza nikaanza kutazama.

Mahakama ya kabla ya hii iliungua mwaka 1882. Hii aliichora Henry Hobson Richardson, msanifu majengo wa Kimarekani, ujenzi ukaanza 1884 ukaisha 1888. Yeye alifariki 1886, ana miaka 47, hakuiona imesimama. Wenzake wa ofisini ndio waliomalizia. Hilo huniuma kila nikipita hapa.

Tazameni graniti hii. Hawakuilainisha uso, nikiweka kiganja hivi inakwaruza. Na mnara ule si pambo tu. Pittsburgh ilikuwa ya viwanda vya chuma, moshi mtupu, basi mnara uliwekwa uvute hewa ya juu na kuishusha ndani kwa watu. Ukifikiria joto la vyumba vya hapa enzi zile utaelewa kwa nini nampenda huyu fundi.

Mnaouliza mbona mlango mkuu unaonekana kama uliokatwa: barabara hii, Grant, ilikuwa na kilima. Miaka ya 1910 jiji likakichimba, barabara ikashuka, mlango wa asili ukabaki juu hewani. Sasa tunaingilia chini, palipokuwa orofa ya chini kabisa.

Nyuma kuna jela, mkono wa Richardson huyo huyo. Wafungwa walivushwa juu ya barabara kwa daraja la mawe lililofunikwa, wakaliita Daraja la Kite, yaani la kuugua (Bridge of Sighs), kwa kufuata lile la mji wa Venice, Italia. Jela ilifungwa 1995. Leo humo zinasikilizwa kesi za familia, za ndoa na watoto, na nimewahi kumsindikiza humo dada mmoja wa kwetu, tumeshikana mikono njia nzima.

Ngoja nizunguke na simu muone tao la daraja kutoka chini.