Nyumba ya Dola 1,000 Detroit: Nisikilizeni Kabla Hamjatuma Fedha

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo. Leo sizungumzi nanyi kutoka Detroit, Marekani, kama mlivyozoea. Nimeketi barazani kwa mama, Temeke, katika joto la Januari, na tangu nimefika wiki mbili zilizopita haijapita siku bila mtu kuniuliza swali lile lile: je, ni kweli kwamba Detroit nyumba inauzwa dola 1,000, na kama ni kweli, kwa nini nisimnunulie na yeye? Juzi mjomba wangu alikuja na wenzake watatu wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, na fedha wameshazichanga. Niliwaomba wasitoe hata shilingi moja, na kwa kuwa najua wenye nia kama yao ni wengi, nimeona nilieleze jambo hili kwa urefu.

Habari yenyewe si uongo. Ipo mamlaka ya umma inayomiliki nyumba na viwanja vilivyoachwa, iitwayo Detroit Land Bank Authority, na mnada wake wa mtandaoni huanzia dola 1,000. Kinachoachwa kusemwa ni sharti linaloambatana na bei hiyo: mnunuzi hupewa miezi sita ya kuikarabati nyumba hadi ifikie viwango vya jiji na iwe na mtu anayeishi ndani, na akishindwa anaweza kunyang'anywa. Sasa fikirieni nyumba yenyewe ilivyo. Kule wakati kama huu maji huganda, na maji yanapoganda ndani ya bomba hutanuka na kulipasua, kwa hiyo nyumba iliyokaa miaka mitano bila moto wala mtu huwa haina bomba zima. Mara nyingi haina hata mabomba yenyewe, kwa sababu wezi wameng'oa shaba yote, kama wanavyong'oa nyaya huku kwetu, na mtambo wa kupasha joto umekwenda pamoja nayo. Paa linavuja, sakafu imeoza, na fundi wa Marekani hulipwa kwa saa. Mwenye nyumba ya dola 1,000 hujikuta anahitaji makumi ya maelfu ya dola kabla hajalala humo usiku wa kwanza, na pengine akimaliza, nyumba yake ina thamani ndogo kuliko fedha alizotia.

Nyumba hizo ziliachwaje? Detroit ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950. Sensa ya 2020 ilikuta takribani 639,000. Viwanda vya magari vilihama, familia za Wazungu zikahamia nje ya jiji, familia za Weusi zikanyimwa mikopo ya nyumba kwa miongo mingi, na mwaka 2013 jiji lenyewe likatangaza kufilisika. Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo yote. Kwa sheria ya Michigan, jimbo lenye jiji hilo, asiyelipa kodi ya nyumba kwa miaka mitatu huweza kunyang'anywa nyumba ikauzwa mnadani, na ilikuja kubainika kwamba katika miaka iliyofuata 2010 jiji liliwakadiria wenye nyumba wengi kodi kubwa kuliko iliyostahili. Watu walipoteza nyumba walizokwisha kuzilipia, kwa deni ambalo sehemu yake hawakupaswa kudaiwa. Mnapoona picha ya nyumba ya bei rahisi, kumbukeni kwamba huenda kuna mzee aliyetolewa humo.

Mimi nilipanga miaka miwili katika mtaa wa Fitzgerald, kaskazini-magharibi mwa jiji, kabla sijanunua hapo hapo mwaka 2019. Nyumba yangu ni ya matofali, vyumba vitatu, ilikuwa inakalika, na niliilipa dola 46,000. Niliilipa taslimu, si kwa sababu nina uwezo mkubwa, bali kwa sababu benki nyingi kule hazipendi kutoa mkopo mdogo wa nyumba. Gharama ya kuuandaa hailingani na faida wanayopata. Kwa hiyo mtu wa kipato cha kawaida anayetafuta nyumba rahisi hujikuta anadunduliza, kama sisi tunavyojenga Dar es Salaam tofali kwa tofali. Mimi nilidunduliza miaka saba, nikifanya kazi zamu ya usiku.

Kabla ya nyumba hiyo niliponea chupuchupu. Muuzaji mmoja niliyempata mtandaoni alikuwa tayari kunipa hati siku ile ile kwa dola 9,000. Ilikuwa hati ya aina ambayo muuzaji hakuhakikishii kwamba nyumba ni yake. Anakuachia tu haki aliyonayo, kama anayo. Nilipokwenda kutafuta kumbukumbu za nyumba ile, nilikuta inadaiwa kodi ya miaka miwili pamoja na bili ya maji, na madeni hayo huifuata nyumba, hayamfuati aliyeyafanya. Hapa kwetu mauziano hupita mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe, na majirani hushuhudia mpaka. Si kinga kamili, lakini yupo mtu anayemjua muuzaji. Kule kazi hiyo hufanywa na kampuni inayopekua historia ya umiliki na kuuza bima ya hati, inayomkinga mnunuzi hati ikibainika ina kasoro. Asiyeilipia ananunua gizani.

Halafu ipo kodi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu tumezoea kodi ya jengo inayokatwa kidogo kidogo tunaponunua umeme wa LUKU. Michigan, maadamu unaendelea kuimiliki nyumba yako, thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda kwa mwaka zaidi ya mfumuko wa bei au asilimia 5, chochote kilicho kidogo. Siku nyumba inapouzwa, kinga hiyo huondoka, na mwaka unaofuata hesabu huanza upya kwa bei ya soko. Aliyeniuzia alikuwa analipa kama dola 740 kwa mwaka. Mimi nililetewa zaidi ya 1,500. Na asiyeishi katika nyumba yake hukosa pia msamaha wa sehemu ya kodi ya shule, iliyo ndani ya kodi ya nyumba, kwa hiyo mjomba wangu, akiwa Temeke, angelipa zaidi yangu kwa nyumba iliyo sawa na yangu.

Ninasikia ikisemwa kwamba Detroit inafufuka. Barabara ya Livernois, karibu na kwangu, ilipanuliwa njia za waenda kwa miguu mwaka 2019, na maduka yaliyofungwa yamefunguliwa. Stesheni kuu ya zamani, ambayo treni ya mwisho iliondoka 1988, Ford waliinunua 2018 na ikafunguliwa upya 2024. Makadirio ya mwaka 2023 yalionyesha watu wakiongezeka kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1950. Nafurahia yote hayo, ila neno kufufuka linanikaa vibaya, kwani mtaa wangu haukuwahi kufa. Palikuwa na watu waliokata nyasi za viwanja visivyo vyao kwa miaka ishirini ili watoto wapite salama kwenda shule.

Kwa hiyo mjomba, na ninyi nyote mnaonitazama: mwenye mtoto anayeishi kule na kufanya kazi kule, amwambie apange kwanza mwaka mzima, aone baridi na aone mvua. Juni 2021 mvua kubwa ilijaza vyumba vya chini ya ardhi katika nyumba nyingi za Detroit. Hakuna mwenyeji wa Dar es Salaam anayenunua kiwanja bondeni wakati wa kiangazi bila kuuliza masika maji hufika wapi. Asiye na mtu kule asitume fedha. Wamiliki wa mbali ndio walioacha mapaa yakavuja katika mitaa yetu, na sitakuwa mimi wa kuwaongeza.

Hata sasa ninapozungumza nanyi, ufunguo wa nyumba yangu uko kwa jirani, mama mstaafu wa kiwanda cha magari aliyekaa katika mtaa ule kabla sijazaliwa. Kila jioni huingia kuhakikisha moto unawaka na mabomba hayajaganda, na usiku wa kuamkia leo amenitumia picha ya kipimajoto cha sebuleni kwangu.