Tipu siyo mshahara, ndugu zangu wa Mtwara

Hamjambo wa nyumbani? Wa Chuno, wa Mikindani, wa Msanga Mkuu kule ng'ambo, hamjambo jamani? Shikamooni wazee wangu. Hapa Houston ni saa tano usiku, nimetoka kazini sasa hivi, hata viatu sijavua.

Juzi binti wa mjomba kanipigia. Kapata kazi ya kuhudumia meza kwenye mgahawa mmoja hapo Mtwara mjini. Namuuliza, mshahara je? Ananiambia bosi kasema mshahara ni kidogo, yeye atajazia na tipu, hela ya asante anayoacha mteja, kwani wanakuja watu wa gesi na watu wa korosho. Bosi akamwambia na Marekani ndivyo wanavyofanya.

Hapo nikakosa usingizi. Mimi nimehudumia meza hapa Texas miaka minne.

Sheria ya shirikisho, ya Marekani nzima, inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa tipu dola 2.13 kwa saa. Kiwango hicho hakijapanda tangu 1991. Kima cha chini cha wengine ni dola 7.25, nacho kimekaa hapo hapo tangu 2009. Hizo dola 5.12 za katikati anazilipa mteja. Zisipofika, mwajiri anatakiwa ajazie, lakini hesabu inapigwa kwa wiki nzima, kwa hiyo Jumamosi iliyojaa watu inaimeza Jumanne uliyoshinda umesimama bure. California, Minnesota na majimbo mengine machache wamekataa: mhudumu analipwa kima kamili, tipu inakuja juu yake. Texas bado tuko kwenye 2.13.

Kuna usiku siusahau. Meza ya watu wanane, saa mbili na nusu nzima, mtoto kamwaga juisi mara mbili, nimepiga magoti nikapangusa. Wakaondoka wakicheka, wakanishukuru vizuri tu. Nikafungua kile kijaluba cheusi cha bili. Kwenye nafasi ya tipu wamepiga mstari mmoja wa kalamu, umenyooka kabisa, yaani hakuna kitu. Na aliyekuwa akiondoa vyombo alikuwa ananisubiri mlangoni, maana naye fungu lake linatoka kwangu.

Ndiyo maana hapa natoa asilimia 20 kila nikila nje, na Mtanzania mgeni anayeniambia "mimi sitoi, bei nimeshalipa" nabishana naye. Usipotoa hapa, aliyeumia ni mwenzako. Bosi wala hajui.

Na huu utaratibu haukuanza kwa wema. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, kampuni ya mabehewa ya kulala ya Pullman iliajiri wanaume weusi, wengi wao waliokuwa watumwa, ikawalipa kidogo ili abiria ndio wamalizie. Sheria ya kima cha chini ya 1938 ikawaacha nje watu wengi wa migahawani. Walipoingizwa mwaka 1966, waliingizwa na tipu ikihesabiwa ndani ya ujira. Hiki ndicho bosi wa binti wa mjomba anachotaka kukileta Mtwara!

Sasa tuseme ukweli wa kwetu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, hela ipo, mtu anakula samaki anaacha chenji yote mezani. Je, Aprili, mvua inapiga, mgahawani kuna wateja wawili wanaokunywa chai? Kodi ya chumba haingoji msimu.

Sisi tuna mila yetu. Nenda Feri asubuhi ununue samaki, muuzaji anakutupia na vidogo viwili vya nyongeza. Mwenye biashara ndiye anayemwongeza mteja. Bakshishi kwetu ni asante, na asante haipangiwi bajeti na tajiri.

Nanyi wenzangu wa ughaibuni mnaokwenda Desemba, toeni, toeni kwa moyo. Lakini mkimaliza kula, muulizeni mhudumu kwa upole analipwa shilingi ngapi kwa mwezi. Sekta ya hoteli ina kima chake kwenye Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara, na kila mwajiri anapaswa kukifuata.

Binti wa mjomba nimemwambia asiingie kazini kabla ya kuona mkataba wa maandishi wenye tarakimu ya mshahara. Jumatatu anakwenda kuuomba. Akinipigia nitawaambia kajibiwa nini.