Nani Amlee, Nani Ashike Fedha

Mabibi na mabwana, watu wengi wakiandika wasia huanza na nyumba, shamba na akaunti ya benki. Watoto huwekwa mwisho, au hawatajwi kabisa, kwa imani kwamba ukoo utajua la kufanya. Utajua, ndiyo, ila kila mmoja atajua lake.

Mzazi mmoja akifariki, kwa kawaida aliyebaki ndiye anayeendelea na malezi. Nalisema hili kwa walioachana: huwezi kumteua dada yako kuwa mlezi ili umkomoe baba wa mtoto. Uteuzi wako una nguvu hasa pale wazazi wote wawili hawapo, na hata hapo mahakama inaweza kuupima kwa kigezo cha maslahi ya mtoto, kigezo kilichomo katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Mtoto anayeweza kutoa maoni yake naye husikilizwa.

Hapa tukae kidogo. Mlezi na mshika fedha si lazima wawe mtu mmoja. Shangazi mwenye mapenzi tele huenda hesabu zikamshinda. Ami hodari wa hesabu huenda hana subira na mtoto anayelia usiku kucha. Basi mmoja alee, mwingine awe mdhamini wa mali, ada ya shule iombwe na huyu na itolewe na yule. Watasumbuana? Watasumbuana sana. Usumbufu huo ndio ulinzi wa mtoto. Na bima ya maisha msiisahau: ukimwandika mtoto wa miaka 6 kuwa mnufaika bila kumweka mtu mzima wa kumpokelea, fedha zinaweza kukwama hadi mahakama imteue mtu.

Mtoto wako mwenye ulemavu wa akili akifikisha miaka 18, katika nchi nyingi mamlaka yako ya mzazi yanakoma, kwa hiyo usidhani utamrithisha mtu mwingine mamlaka hayo kwa wasia. Shughulikia utaratibu wake ungali hai, ukianzia kwenye yale anayoweza kuamua mwenyewe akisaidiwa. Kumpokonya uamuzi wote ndiyo njia nyepesi, na mimi siipendi.

Halafu, jamani, muulizeni huyo mlezi! Wapo wanaosikia majina yao siku wasia unaposomwa, na wana haki ya kukataa. Andikeni na wa akiba. Mkitalikiana, mkioa au kuolewa tena, au mlezi akihamia nchi nyingine, wasia urudieni. Mashahidi wasiwe miongoni mwa wanaorithi.