Mnara uliporomoka Ely, wakajenga kitu kingine kabisa

Haya jamani, karibuni, tuingie moja kwa moja. Kanisa kuu la Ely lipo mashariki mwa Uingereza, juu ya kilima ambacho enzi hizo kilikuwa kisiwa, pande zote kinamasi. Wanormani, watu wa kutoka Ufaransa walioiteka Uingereza, walianza kulijenga miaka ya 1080, na mawe ya maana hapo hakuna, ni tope tupu, ikabidi yaletwe kwa maji kutoka machimbo ya Barnack na wenye machimbo wakalipwa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, 8,000 kila mwaka. Mikunga ndo ilikuwa mali ya kule.

Ila nilichotaka hasa tuongee ni usiku mmoja wa Februari 1322. Watawa wametoka kwenye sala ya usiku wanarudi kulala, mara mnara wa katikati ukashuka wote, kishindo kile wakadhani ni tetemeko. Mnara mzima ulibebwa na nguzo nne tu na ardhi yenyewe ndo ile, halafu mwaka mmoja nyuma walishaanza kuchimba msingi wa kanisa la Bikira Maria hapohapo pembeni, na wengi wanaona uchimbaji ule ulichangia.

Aliyekuwa anasimamia majengo ni mtawa, Alan wa Walsingham. Huyu mtu namheshimu sana kwa kweli, maana njia rahisi ilikuwa kurudisha mnara vilevile, nguzo nne palepale, yeye akakataa. Kifusi kikaondolewa, akapima sehemu nane, zikachimbwa mpaka wakakuta ardhi ngumu, wakashindilia mawe na mchanga ndo nguzo zikapanda. Nguzo nane badala ya nne, kwahiyo uzito umetawanyika, na katikati ukapata uwazi wa pembe nane wenye upana wa mita kama 22, hauna nguzo hata moja. Waashi wakamaliza 1328.

Sasa paa. Upana wote ule ukiuezeka kwa mawe unaomba balaa lingine, kwahiyo akaitwa seremala wa mfalme, William Hurley. Hebu pata picha vizuri: ukiwa chini unaona matao kama ya mawe, lakini hizo ni mbao zimepakwa rangi tu, na nyuma yake kuna maboriti yanapanda kwa kuinama kutoka pembe zote nane, hayo ndo yamebeba kimnara cha vioo kilichopo katikati ya paa, kinachoingiza mwanga. Nguzo za kimnara hicho ni mialoni minane, miti ya mbao ngumu, kila mmoja mrefu karibu mita 19, hebu fikiria kuipata, kuisafirisha, halafu kuipandisha juu kule bila mashine! Ilikamilika miaka ya 1340.

Karne ya 18 mbunifu wa majengo James Essex alikifanyia kimnara hicho matengenezo makubwa, na mialoni ya Hurley bado imesimama. Ukifika Ely usiishie kutazama kutoka chini, kuna ziara za kupanda juu, utayaona maboriti yenyewe kwa karibu, na zile mbao zilizochorwa malaika zinafunguka kama madirisha, unachungulia kanisa lote chini yako.