Nzi Kabla ya Kinyonga

ZUHURA: Kombo, mtoto wa kinyonga ameshafika. Jumanne, saa nne asubuhi, mlango umegongwa, boksi hilo hapo. Tulipatana na mfugaji aje akiwa na miezi mitatu, kaletwa ana wiki sita.

KOMBO: Wiki sita? Huyo bado ni wa kukaa kwa mfugaji. Miezi miwili ndiyo mapema kabisa, na mitatu ndiyo vizuri.

ZUHURA: Ndiyo hivyo. Kizimba kilikuwa tayari, taa zilishajaribiwa wiki nzima, majani yameoshwa. Ila chakula kilichokuwepo ni nyenje wa milimita sita, na mtoto huyu hamezi mdudu wa ukubwa huo.

KOMBO: Kipimo ni upana kati ya macho yake mawili. Mdudu asizidi hapo. Akizidi, mtoto anaweza kukabwa, au anamkimbia huyo mdudu na kulala na njaa.

ZUHURA: Na kinyonga wa umri huu hana akiba mwilini. Siku mbili bila kula unaiona mifupa ya nyonga.

KOMBO: Haya, tuwakumbushe wanaotusikiliza tunamzungumzia nani. Ni kinyonga wa Yemen, yule mwenye kofia kichwani, ambaye kwao ni Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia. Huyu kazaliwa kwa mfugaji hapa hapa Uingereza. Wa pembe tatu wa milima ya Kenya na Mlima Meru anataka baridi zaidi, usichukue vipimo vya leo ukampa yeye. Na wewe uliyeko Kenya, yule aliye kwenye ua wa bustani yako mwache pale pale. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali.

ZUHURA: Tulipanga mambo matano leo: kizimba, taa, maji, mimea, chakula. Naomba tuanze na la mwisho. Dakika tano tu.

KOMBO: Dakika tano, haya. Nzi.

ZUHURA: Nzi wa matunda wasioruka. Wapo wa aina mbili madukani. Mdogo ni Drosophila melanogaster, milimita mbili hivi. Mkubwa ni Drosophila hydei, milimita tatu. Mtoto wa wiki sita anawaweza wote, ila hydei anamshibisha upesi. Tatizo lake ni subira: melanogaster wapya wanatoka kwenye kikombe cha kuwazalishia siku ya 12 hadi ya 14, hydei wanachukua wiki tatu au zaidi. Kwa hiyo ukimwagiza kinyonga leo na nzi leo, kinyonga atafika kabla nzi hawajazaana.

KOMBO: Ndiyo maana huwa tunasema vikombe vya nzi viwe vya kwanza kuingia nyumbani. Mwezi mmoja kabla.

ZUHURA: Mwezi mmoja kabla. Na mpishi ni wewe mwenyewe, dukani utafilisika. Chukua kikombe cha plastiki cha karibu lita moja. Tia nusu kikombe cha chai cha unga wa viazi, ule wa kukoroga viazi vya kuponda, na kijiko cha chakula cha sukari. Kisha maji nusu kikombe hicho cha chai, na ndani ya maji hayo kijiko kimoja cha chakula cha siki. Koroga, acha dakika tano kisimame. Kiwe kama ugali laini: ukikiinamisha kikombe, kisitembee.

KOMBO: Kikitembea, umezidisha maji, na nzi watazama.

ZUHURA: Watazama wote usiku mmoja. Juu yake nyunyiza punje chache za hamira, kumi na tano zinatosha. Hamira ndiyo chakula chenyewe cha mabuu, viazi ni shamba tu. Ukijaza hamira, gesi inajaa kikombeni na nzi wanakufa kwa kukosa hewa.

KOMBO: Siki je? Wengi wanaiacha kwa sababu ya harufu.

ZUHURA: Usiiache. Siki ndiyo inayozuia kuvu. Kikombe kikishika kuvu la kijani siku ya tatu, mabuu hawajapata nguvu ya kulila na kulivuruga, basi hicho cha kutupa. Halafu weka maranda au karatasi ya kuchujia kahawa iliyokunjwakunjwa, nzi wapate pa kupanda na mabuu wapate pa kujishikiza wakigeuka vifuko. Tia nzi 50. Funika kwa kifuniko chenye kitambaa, si tundu tupu.

KOMBO: Na joto?

ZUHURA: Nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi. Usiweke juu ya kizimba karibu na taa. Kikombe chenyewe kinatoa joto kikichachuka, na zipo mbegu za nzi ambazo zikikulia kwenye joto la 28 na kupanda, watoto wanatoka wanaruka.

KOMBO: Hapo nyumba nzima imekwisha.

ZUHURA: Lakini adui mkubwa si joto, ni utitiri.

KOMBO: Dakika tano zimepita, dada.

ZUHURA: Siwezi kuruka utitiri, Kombo. Utitiri ukiingia kikombe kimoja, wiki mbili baadaye rafu yote imekufa na hujui kwa nini. Unaonekana kama vumbi la kahawia ukutani mwa kikombe, vumbi linalotembea. Panga vikombe kwenye trei yenye maji ya sabuni, kila kimoja juu ya kigae au kifuniko kilichopinduliwa, ili utitiri usivuke. Usipandikize kikombe kipya kwa nzi wa kikombe kilichopita siku 30. Cha siku 30 kigandishe kwenye friza, kisha tupa.

KOMBO: Na kila wiki unaanzisha kipya.

ZUHURA: Kila wiki vikombe viwili. Kimoja kikifa, kipo cha pili.

KOMBO: Sasa kulisha kwenyewe. Gonga kikombe mezani nzi washuke, fungua, mwaga 20 au 30 kwenye kikombe kitupu chenye chembe ya unga wa kalsiamu, zungusha mpaka wawe weupe kidogo. Kalsiamu isiyo na vitamini D3, kila siku. Ile yenye D3 na vitamini A, mara mbili kwa mwezi. Ukiitia kila siku, shingo inavimba maji.

ZUHURA: Na usipotia kalsiamu kabisa ni matege. Miguu inapinda kama upinde, taya linalegea, hata ulimi hafyatui tena.

KOMBO: Mimi huweka kipande cha ndizi mbivu kwenye tawi la juu. Nzi wanajikusanya pale, mtoto anakula bila kuwasaka kizimba kizima.

ZUHURA: Ndizi ni sawa, ila kwenye kizimba chako kile kikubwa hata ndizi haitoshi. Kile cha wavu, sentimita 60 kwa 60 kwa urefu wa 120. Matundu ya wavu wa kawaida nzi anapita. Ukimwaga 30, baada ya robo saa 20 wako kwenye pazia la sebuleni. Mtoto anahesabiwa amekula, kumbe hajala.

KOMBO: Tumefika pale pale pa siku zote.

ZUHURA: Lazima tufike. Mtoto aanze na kizimba kidogo, 40 kwa 40 kwa 75. Humo namwona kila asubuhi, nahesabu nzi waliobaki, nahesabu kinyesi. Mkojo wake ukianza kuwa wa rangi ya chungwa badala ya mweupe, nauona siku hiyo hiyo kwamba hanywi. Kwenye kile kikubwa chenye majani, kitoto cha sentimita kumi na mkia wake kinaweza kupotea siku mbili. Siku mbili kwa umri huu ni nyingi.

KOMBO: Nami nasema kizimba kidogo ni sufuria. Ukitaka tawi la kuotea jua lifike 27, kwenye urefu wa 75 joto lile linashuka mpaka chini. Mtoto akishaota jua anataka mahali pa 22 pa kupoa, na humo hamna. Mwili mdogo unakauka haraka kuliko mkubwa. Kwenye sentimita 120 anachagua mwenyewe: juu joto, katikati kivuli, chini baridi.

ZUHURA: Balbu ndogo, wati 40, iinuliwe sentimita 25 juu ya tawi. Joto halishuki mpaka chini.

KOMBO: Kwenye chumba cha 18, sawa. Nyumba zetu hizi hita inawaka tangu Oktoba, chumba kina 22 kabla hujawasha taa. Halafu akifikisha miezi mitano unamhamisha. Ameshajua tawi lake la kulala, ameshajua maji yanadondoka wapi, unamng'oa. Wapo wanaogoma kula wiki nzima.

ZUHURA: Akiwa na miezi mitano anaihimili hiyo wiki. Akiwa na wiki sita haihimili njaa ya siku tatu. Mimi nachagua hatari atakayoipita.

KOMBO: Na mimi nachagua asiipate kabisa. Nzi wakitoka, funga wavu kwa chandarua chepesi mbele na ubavuni. Shilingi, sijui, pauni chache tu.

ZUHURA: Chandarua juu ya wavu kinakata miale ya UVB, ile ya jua inayoimarisha mifupa.

KOMBO: Nimesema mbele na ubavuni. Juu sijagusa.

ZUHURA: Bado humwoni.

KOMBO: Namtafuta kwa tochi usiku. Kinyonga aliyelala anapauka, tochi inammulika kama karatasi.

ZUHURA: Unamwamsha mtoto kwa tochi kila usiku ili ujue kama yuko hai?

KOMBO: Simwamshi, namulika sekunde mbili kwa mbali.

ZUHURA: Sikubali.

KOMBO: Najua. Nami sikubali sufuria.

ZUHURA: Basi. Dakika ngapi zimebaki?

KOMBO: Sita. Na hatujagusa taa.

ZUHURA: Taa upesi. Mrija mwembamba wa UVB, T5 wa asilimia 6, wenye kiakisi, si balbu ya kujipinda. Ile inamulika doa dogo tu. Tawi la juu liwe sentimita 20 hadi 23 chini ya mrija ukiwa umeulaza juu ya wavu. Wavu wenyewe unakula takriban theluthi ya miale. Saa 12 kuwaka, saa 12 giza, kwa taima. Badilisha kila mwaka hata kama bado unawaka, mwanga wa macho hubaki baada ya UVB kwisha.

KOMBO: Na dirisha si taa. Kioo kinazuia UVB. Anayemweka mtoto dirishani akidhani anapata jua, anampa joto tu.

ZUHURA: Joto lipime kwa kipimajoto chenye waya, ncha yake uifunge pale utosi wa kofia yake utakapokuwa, si kwenye tawi. Kofia iko juu, inaungua kwanza.

KOMBO: Maji. Hanywi bakulini, hayatambui maji yaliyotulia. Anakunywa matone kwenye majani. Nyunyiza manyunyu laini dakika mbili alfajiri kabla taa hazijawaka, dakika mbili tena taa zikizimika. Mchana weka chupa ya matone: tundu la sindano kwenye kikombe juu ya wavu, tone moja kila sekunde mbili, kwa nusu saa, lianguke kwenye jani. Katikati kizimba kikauke. Kizimba kinacholowa mchana kutwa kwenye joto ndicho kinacholeta ugonjwa wa kifua. Na sakafuni maji yasituame, mtoto wa ukubwa huu anaweza kuzama kwenye kidimbwi cha kijiko.

ZUHURA: Kwa sababu hita inakausha hewa, pande tatu za wavu zifunike kwa plastiki. Mbele na juu paachwe wazi.

KOMBO: Hapo tumepatana.

ZUHURA: Matawi basi, nusu dakika. Unene wa penseli na chini yake, mguu wake uweze kulizunguka tawi. Yalale, yasisimame yote. Kizimba kikae juu ya meza, ncha yake ipite kichwa cha mtu mzima. Kinyonga anayetazamwa kutoka juu anajiona anawindwa. Wala kusiwe na kioo cha kujitazamia mbele yake, anadhani ni kinyonga mwenzake.

KOMBO: Mimea hatuifikii.

ZUHURA: Hatuifikii. Kwa leo jueni hili tu: huyu wa Yemen anakula majani, kwa hiyo usiweke mmea usioujua. Pothosi, shefilera na hibiskasi zinafaa. Osheni majani pande zote mbili, badilisheni udongo wa dukani kwa sababu ya punje za mbolea, na juu ya udongo wekeni mawe makubwa kuliko kichwa chake. Mengine tutayamaliza wiki ijayo.

KOMBO: Wiki ijayo na swali la yule msikilizaji wa Muscat kuhusu kiyoyozi.

ZUHURA: Na taa nyekundu ya usiku, tumeulizwa mara tatu. Jibu ni hapana. Wala nyekundu wala buluu. Giza tupu, na chumba kishuke mpaka 17 au 18, ndivyo anavyolala vizuri.

KOMBO: Muda umekwisha, wananionyesha.

ZUHURA: Sekunde moja. Aliyeagiza kinyonga wiki hii na hana nzi, apige simu kesho asubuhi, amwombe mfugaji akae naye wiki nne zaidi. Na leo usiku aanze vikombe, viwili.

KOMBO: Viwili, na siki.