Historia ya mtaa imo kwenye rejista

Mapadre, wazee wa kanisa, akina mama, vijana. Mmeniita niseme namna ya kuandika historia ya mtaa wetu wa kanisa kabla ya jubilei. Nitarudia nililolisema kila nilipoalikwa: anzeni na rejista ya ubatizo, si na risala.

Risala zetu huku kusini zinafanana. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana aanzisha kituo Masasi, 1876. Kisha dayosisi ya Masasi yaanzishwa, Askofu Lucas, 1926. Kisha jengo letu. Na wale Steere aliotoka nao Unguja? Walikuwa watumwa waliokombolewa, na ndio walioifanya Masasi kuwa makazi ya Wakristo. Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani akiwa mtoto, aliwalea Wakristo wa Chitangali na akapewa upadre mwaka 1890. Ni risala ngapi zinamtaja?

Basi fungueni rejista, na msiishie kwenye jina na tarehe. Someni wadhamini, wale waliomsimamia mbatizwa. Jina linalojirudia miaka ya mwanzo linawaonyesha ni nyumba ya nani iliyokusanya watu. Someni walikotoka. Mkikuta Newala, Masasi, Lulindi mfululizo, linganisheni na miaka bandari ya Mtwara ilipojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, ule wa wakoloni wa Kiingereza: huenda watu walifuata kazi. Mwandiko ukibadilika, ulizeni nani alishika kalamu. Wakibatizwa watu wazima wengi, mtaa unapokea waongofu. Wakibaki watoto watupu, unakua kwa kuzaana. Mkikuta pengo la miezi, msikimbilie kuandika kwamba kanisa lilifungwa! Kaangalieni kwanza rejista ya kituo kikuu, huenda walibatizwa huko.

Mtasema wazee wapo, tuwaulize. Waulizeni, ila bibi msimdai mwaka. Ulizeni: kabla ya kimbunga cha Lindi au baada? Uhuru ulikuwa umefika? Mlikuwa mmeshahamishiwa vijijini? Kimbunga ni Aprili 1952, Uhuru ni Desemba 1961, vijiji ni miaka ya 1970. Wazee wa nyumba mbili wakitofautiana, andikeni kauli zote mbili, kila moja na jina la msemaji.

Muda unaniishia. Rejista isikae sakafuni wala isiegemee ukuta, mchwa hupitia huko. Msiifunge kwenye nailoni, unyevu wa pwani utaiotesha ukungu. Seloteipu marufuku: inageuka njano na kubandua wino. Pigeni picha kila ukurasa kwa simu, kando ya dirisha, bila flashi, na msiukandamize mgongo wa kitabu ulale bapa. Nakala moja ibaki hapa, nyingine ipelekwe dayosisi.

Michango ya ujenzi sikuifikia. Katibu ana vitabu vya sadaka. Vijana wawili wakae naye wiki hii waanze kuvinakili.